Kabla ya Kununua Kitabu, Msome Mwandishi Bure

Mwanza ina watu wengi wanaopenda kusoma. Kinachowashinda ni kuchagua. Maduka mengi ya vitabu mjini yanaishi kwa madaftari, vitabu vya kiada na vitabu vya dini; riwaya ukizikuta, ni zile zinazotahiniwa kidato cha tatu na cha nne. Kando ya barabara katikati ya mji wapo wauzaji wanaopanga vitabu mezani au kuvitandika chini kwenye turubai, na pale utakuta vya fedha, vya mafanikio, vya namna ya kumshawishi mteja. Ukitaka kingine chochote unaagiza Dar es Salaam, unalipa kwa simu, kinapakiwa kwenye basi, na wewe unakifuata stendi ya Nyegezi. Ukishafika nacho nyumbani hakuna wa kumrudishia kwa sababu sura ya pili imekuchosha.

Kwa hali hiyo, mwandishi aliyeanza kuandika mtandaoni anatupa nafasi ambayo duka halitupi: tunamsoma kwanza, kisha ndipo tunaamua. Unaisikia sauti yake. Unaona anavyoandika akiwa na hasira, na anavyoandika siku ambayo hana la kusema lakini kaandika hivyo hivyo. Unapima kama anaweza kulishika jambo moja mpaka mwisho bila kupotea njiani. Kwa bando la siku moja unajua kama mtu huyu anastahili elfu thelathini yako na nauli ya mzigo juu yake.

Lakini blogu nzuri haizai kitabu kizuri yenyewe. Makala ya mtandaoni inasomwa kwenye simu, kipande kwa kipande, na mtu anayejua jana kulitokea nini. Kitabu kinasomwa na mtu asiyejua lolote, pengine miaka 15 baadaye, bila picha wala kelele za wachangiaji kumsaidia. Kwa hiyo swali ninalouliza kuhusu kila kitabu cha namna hii ni moja: mwandishi alifanya nini kati ya siku aliyoweka andiko lake hewani na siku kitabu kilipoingia kiwandani? Kama alikusanya tu akatia jalada, kisome palepale kilipo, bure. Kama alivunja akajenga upya, nunua.

Mfano bora ninaoujua ni *Every Day Is for the Thief* cha Teju Cole, Mnijeria aliyezaliwa Marekani na kukulia Lagos. Mwanzoni mwa 2006 Cole aliandika mtandaoni kwa muda wa mwezi mmoja hivi kuhusu kijana anayerudi Lagos baada ya miaka mingi ughaibuni. Alipomaliza akaifuta blogu. Mwaka 2007 kampuni ya Cassava Republic ya Nigeria ikatoa kitabu, na 2014 kikatoka upya Marekani na Uingereza. Mtu anayefuta alichokiandika ili kitabu kisimame chenyewe amekwisha kuniambia anakiheshimu kitabu.

Na kweli kinasimama. Kinaanza New York, ndani ya ubalozi mdogo wa Nigeria, ambapo anayetaka pasipoti haraka anaelewa upesi kwamba kuna malipo mengine yasiyo na risiti. Yaani rushwa ya Lagos inampokea kabla hajapanda ndege. Baadaye, akiwa ndani ya danfo, yale mabasi madogo ya njano ambayo sisi tungeyaita daladala, anamwona mwanamke anasoma kitabu cha Michael Ondaatje. Katika jiji lile, katika joto na msongamano ule, mtu anasoma riwaya ngumu kama ile! Anatamani amsemeshe. Anapanga maneno kichwani. Mwanamke anafika kituo chake, anashuka, anamezwa na umati. Basi.

Nimekirudia kipande hicho mara nyingi kwa sababu kinaonyesha tofauti ninayoisema. Mtu anayeandika ili apate wachangiaji angeongeza aya nzima kuhusu utamaduni wa kusoma Afrika, angelaumu serikali, angemalizia kwa kuuliza wasomaji wanaonaje. Cole anaacha mwanamke ashuke. Yeyote aliyewahi kumwona mtu kafungua riwaya ndani ya daladala ya kutoka Nyakato, kabanwa kati ya ndoo na gunia, anajua ile shauku ya kutaka kujua ni kitabu gani na huyu ni nani. Kitabu ni kifupi. Safari moja ya meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na kurudi inatosha kukimaliza. Mtu akitaka aanzie wapi, nasema aanzie hapo.

Vipo vitabu viwili vya vita ya Iraki ambavyo napenda visomwe pamoja. Cha kwanza ni *Baghdad Burning*, cha binti wa Baghdad aliyejiita Riverbend, ambaye jina lake halisi hakulitangaza. Alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, akakosa kazi baada ya majeshi ya Marekani kuingia nchini mwake 2003, na Agosti mwaka huo akaanza kuandika mtandaoni kwa Kiingereza. Kitabu kilitoka 2005. Cha pili ni *My War* cha Colby Buzzell, askari wa Marekani aliyekuwa Mosul 2004 na aliyekuwa akiandika kutoka kambini mpaka wakubwa wake walipomgundua na kumbana. Nacho kilitoka 2005, na miaka miwili baadaye kikachukua Blooker Prize, tuzo iliyoanzishwa mahususi kwa vitabu vilivyotokana na blogu. Huyu yuko ndani ya gari la deraya anautazama mji kwa bunduki. Yule yuko ndani ya nyumba anahesabu saa za umeme.

Hapa kipimo changu kinalegea, maana maandishi ya Riverbend yamewekwa kitabuni karibu kama yalivyokuwa, na tarehe zake juu. Ila nguvu yake ndiyo hiyo. Anapoandika leo hajui kesho kutakuwaje, na msomaji anayejua yaliyofuata anasoma kwa uchungu. Angeandika upya kwa akili ya baadaye, angeharibu. Shajara ya mtu aliye katikati ya tukio ni ushahidi, na ushahidi haupambwi. Nampendekeza hasa kwa wasomaji wa huku kwetu kwa sababu habari za vita hutufikia zikiwa na ramani na idadi ya maiti, wakati yeye anazileta zikiwa na matangi ya maji juu ya paa, mgao wa umeme na ndugu waliojazana sebuleni. Hayo tunayajua bila kufafanuliwa.

Andy Weir ni habari nyingine kabisa. Kuanzia 2009 aliweka kwenye tovuti yake, sura moja moja, hadithi ya mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi, anayelazimika kupanda viazi kwa kutumia kinyesi kama mbolea ili asife njaa. Hakulipisha. Wasomaji wake walikuwa watu wa sayansi, na alipokosea hesabu ya kikemia walimwandikia, naye akarekebisha. Baadaye waliomba nakala rahisi ya kusomea kwenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu. 2011 akaiweka kwa senti 99 za dola, bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Ikanunuliwa kwa kasi, kampuni ya Crown ikaichapisha 2014 kwa jina lilelile, *The Martian*, na 2015 ikawa filamu. Ukikisoma utaona kila tatizo limetatuliwa kwa hesabu inayokubali kukaguliwa, na sababu ni kwamba ilishakaguliwa na umati kabla mhariri yeyote hajaigusa. Mwanafunzi wa uhandisi au fundi anayedhani riwaya ni za watu wa fasihi tu, mpe hiki. John Scalzi naye alipita njia hiyo: mwishoni mwa 2002 aliiweka riwaya yake *Old Man's War* kwenye blogu yake sura kwa sura, mhariri wa kampuni ya Tor akaiona, na 2005 ikatoka.

*Julie & Julia* cha Julie Powell nakitaja kwa sababu kina heshima ya kihistoria: ndicho kilichoshinda Blooker Prize ya kwanza, 2006. Mwanamke wa ofisini New York alijipa siku 365 za kupika mapishi yote 524 ya kitabu cha mapishi ya Kifaransa cha Julia Child, akiandika kila alichopika na kila kilichoungua. Kinachekesha na kina ukweli kuhusu kazi inayomchosha mtu. Lakini aliyeona filamu yake ya 2009 amepata sehemu kubwa ya utamu wake.

Sasa nije kwenye kitabu cha mwanablogu ambacho hutakikosa kwenye meza yoyote ya kando ya barabara Mwanza: *Atomic Habits* cha James Clear. Wengi wanaokinunua hawajui kwamba Clear alianza mwishoni mwa 2012 kwa kuandika makala mbili kwa wiki kwenye tovuti yake, na kitabu kikaja 2018. Ukilijua hilo, umbo la kitabu linakuwa wazi. Kila sura inafungua kwa kisa cha mtu fulani, inatoa kanuni, inafunga kwa muhtasari wa vipengele. Unaweza kuanza sura ya tisa leo na ya tatu kesho bila kupoteza kitu. Ni kitabu chenye manufaa, nimeona watu wakibadilisha ratiba zao za asubuhi kwa sababu yake, na sitamkataza mtu kukinunua. Ila kwa kipimo nilichoweka, kiko katikati: aliyezisoma vizuri zile makala za bure amepata robo tatu ya mzigo. Na nakala nyingi zinazouzwa barabarani ni za kurudufu, wino umefifia, kurasa zimepinda, mwandishi hapati hata senti. Mwandishi aliyekupa miaka sita ya makala bure anastahili ununue nakala halali, au basi usome tovuti yake kwa amani.

Kwa Afrika Mashariki, jina la kuanzia ni Binyavanga Wainaina wa Nakuru. Andiko lake lililomtambulisha duniani, *Discovering Home*, lilitoka kwenye jarida la mtandaoni, na 2002 likamshindia Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Mwaka uliofuata jarida la *Kwani?* likaanza Nairobi, naye akiwa mwanzilishi, na kizazi kizima cha waandishi wa Kenya kikapitia mlango huo. Lakini tazama alichofanya yeye mwenyewe na lile andiko. Safari ile ya kurudi kutoka Afrika Kusini, kupita Nairobi na Nakuru hadi Kisoro, Uganda, kwenye mkutano wa ukoo wa mama yake, haikukimbizwa kitabuni wakati jina lake likiwa moto. Alikaa nayo miaka tisa, akaizungushia utoto, muziki, siasa za Moi, uvivu wake wa chuoni, na 2011 akatoa *One Day I Will Write About This Place*. Lugha yake imejaa sauti. Kiingereza kinachemka kwa Kiswahili na Kigikuyu ndani yake. Alifariki Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 48. Ukisoma andiko la kwanza kisha kitabu, utaona kazi ya miaka tisa kwa macho yako, na hilo ni darasa ambalo hakuna semina ya uandishi itakupa.

Utaniuliza, na una haki: mbona vyote ni vya Kiingereza? Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa, maana sisi hatukuchelewa. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati watu wengi nchini hawajui blogu ni kitu gani. Issa Michuzi alianza yake 2005. Miaka iliyofuata zikafumuka blogu za Kiswahili za siasa, mashairi, malezi, hadithi, na ndani yake kulikuwa na waandishi hasa, watu wenye sauti. Vitabu vilivyotoka humo ni vya kuhesabu kwa vidole. Sehemu kubwa ya maandishi yale leo haipo: anwani hazikulipiwa, nywila zimesahaulika, picha zimeondoka, unabonyeza unakuta ukurasa mtupu. Kisha 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake za kuanzia zilifika shilingi milioni 2.1. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, 2020 na 2022, lakini mwalimu au muuguzi aliyekuwa akiandika hadithi usiku baada ya kazi alishafunga. Wengi walihamia Facebook na WhatsApp.

Na huko ndiko hadithi za Kiswahili zilipo leo. Mwandishi anaweka sura kila jioni, anamalizia na "itaendelea", watu wanalalamika kwamba amewakatisha patamu. Ikifika sura ya ishirini anatangaza kwamba zilizobaki ziko kwenye kundi la kulipia; unatuma hela ndogo kwa simu, unaunganishwa. Nimezisoma nyingi. Zipo za ovyo, na zipo ambazo zina mazungumzo yaliyonyooka kuliko riwaya nyingi zilizochapishwa kwa ajili ya shule. Ipo moja niliyoifuata kuhusu mama anayekopesha fedha wachuuzi wa dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Mwandishi alijua dagaa wanavyoanikwa, wanavyonyeshewa, nani anakula hasara mvua ikishuka ghafla saa tisa mchana, na deni linavyohama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa neno moja tu la "nitakupa kesho". Simu ya mwandishi iliharibika, kundi likafa, na sura za mwisho hazijulikani zilipo.

Hapa ziwani tuna kumbukumbu ya upande wa pili wa tatizo hili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe 1945. Hakupata wa kuichapisha. Ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ikatoka Tanzania Publishing House 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Wasomaji waliokuwa wanazijua ngoma, dawa na taratibu za ndoa alizozieleza, wengi wao walikwishatangulia. Mtandao umemwondolea mwandishi wa leo mateso hayo: anaandika saa mbili usiku, saa tatu ana wasomaji mia. Lakini muswada wa Kitereza ulidumu miaka 35 sandukuni na bado ukasomeka, wakati hadithi ya yule mama wa dagaa haikumaliza miaka miwili.

Anayekosekana kati ya hao wawili ni mhariri. Weir alikuwa na umati wa wanasayansi, halafu akapata Crown. Scalzi alionwa na mhariri aliyekuwa anapita tu kwenye blogu yake. Wachapishaji wetu wanasubiri muswada uletwe ofisini Dar es Salaam, na wanaangalia kwanza kama utaingia shuleni. Sijui kwa nini mtu mmoja katika kila kampuni asipewe kazi ya kukaa Facebook jioni, asome, na amwandikie mwandishi: "Dada, hii hadithi yako nimeifuata, una sura zote? Tuzungumze." Msomaji ameshapatikana, anajulikana hata namba yake ya simu, na ameshaonyesha kwamba yuko tayari kulipa. Ni mchapishaji gani mwingine anapewa soko mkononi namna hiyo?

Wakati wakijipanga, mwandishi mwenyewe ana kazi ya kufanya. Hamisha sura zote kutoka kwenye simu leo, ziweke kwenye barua pepe yako na kwa mtu mwingine unayemwamini. Kisha ondoa kila "ilipoishia", maana msomaji wa kitabu hakuacha popote. Punguza mishtuko ya mwisho wa sura. Iliwekwa ili watu warudi kesho, na kwenye kitabu kesho ni ukurasa unaofuata. Wahusika uliowaongeza kwa sababu wachangiaji waliwaomba, waulize wanafanya nini humo, na asiye na jibu mtoe. Mpe mtu asiye shabiki wako asome na kalamu nyekundu. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell hupokea miswada, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanza kutolewa 2023. Kama yule mwandishi wa Mwaloni anasoma hapa, wasomaji wake wa zamani bado wanaulizana yule mama alilipwa au hakulipwa, na mimi ni mmoja wao.